Takwimu Zinajua Hatari, Hazijui Faida

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Mwanzoni mwa mchezo huo rafiki za tajiri Antonio wanamuuliza kama huzuni yake inatokana na hofu ya mali iliyoko baharini. Anakataa: mali yake imegawanywa katika vyombo mbalimbali vilivyokwenda bandari mbalimbali. Baadaye habari zinaingia kwamba vyombo vyote vimepotea, na mkopeshaji Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio.

Mwaka 1999 mwanauchumi wa Marekani, Harry Markowitz, aliandika historia fupi ya fani ya kugawa uwekezaji, aliyoiasisi mwenyewe. Ndani yake alimtaja Antonio kama ushahidi kwamba watu walijua kutawanya mali karne nyingi kabla ya wasomi kupata hesabu yake. Ila kisa hicho kina funzo la pili, na ndilo zito zaidi. Wingi wa vyombo haukumfaa Antonio kitu pale vyote vilipopatwa na masaibu kwa pamoja. Mwenye mali anapaswa kujiuliza ni vingapi kati ya vyombo vyake vinaweza kuzama siku moja.

Swali hilo limezaa tawi zima la takwimu, linaloshughulika na mambo mawili: bei ya hisa ipangwe kwa kigezo gani, na fedha zigawanywe vipi kati ya hisa nyingi. Yeyote anayenunua hisa Dar es Salaam au Nairobi, vipande vya mfuko wa uwekezaji au hatifungani za Serikali, linamgusa, ajue asijue. Na baada ya zaidi ya miaka 70 ya utafiti, jibu lililojitokeza ni hili: takwimu hupima hatari vizuri, lakini katika kukisia faida karibu hazioni kitu.

Namba ya tatu ya Markowitz

Mwaka 1950 Markowitz alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago akitafuta mada ya tasnifu yake. Maktabani alikuwa akisoma kitabu cha John Burr Williams cha mwaka 1938, kilichofundisha kwamba thamani ya hisa ni magawio yake yote yajayo yakipigiwa hesabu kwa thamani ya leo. Kijana yule akaona kasoro. Kama mwekezaji anajali faida inayotarajiwa peke yake, basi ataweka fedha zake zote katika hisa moja tu, ile yenye matarajio makubwa kuliko zote. Watu hawafanyi hivyo. Wanaogopa hasara, na hofu hiyo haikuwa na nafasi ndani ya hesabu ya Williams.

Jibu lake lilitoka katika jarida la Journal of Finance, Machi 1952. Kila hisa, alisema, ina namba mbili: wastani wa faida yake na kiasi inachoyumba kuuzunguka wastani huo. Kisha kila jozi ya hisa ina namba ya tatu, inayoonyesha hisa hizo mbili huenda pamoja kiasi gani. Namba hiyo ya tatu ndiyo iliyobadilisha fani nzima.

Chukua hisa mbili, kila moja ikiyumba kwa asilimia 30 kwa mwaka, ugawe fedha zako nusu kwa nusu. Zikipanda na kushuka pamoja daima, mkoba wako, yaani hisa zote mbili kwa pamoja, nao utayumba kwa asilimia 30, hujapata nafuu yoyote. Uhusiano wake ukiwa wa kati, yaani 0.5, mkoba utayumba kwa asilimia 26. Zikiwa hazihusiani kabisa, utayumba kwa asilimia 21. Na kama moja hupanda kila nyingine inaposhuka, kwa kipimo kilekile, mkoba hautayumba hata kidogo. Katika hali zote nne wastani wa faida ni uleule. Kilichopungua ni hatari tu, na imepungua bila mwekezaji kulipa senti.

Alipotetea tasnifu hiyo, Milton Friedman, mmoja wa watahini, alimtania kwamba kazi yake haikuwa uchumi. Mwaka 1990 kazi hiyohiyo ilimpa Markowitz Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Merton Miller na William Sharpe.

Sharpe ndiye aliyeunganisha mgawanyo wa mali na bei. Katika makala yake ya mwaka 1964 alionyesha kwamba kama wawekezaji wote wanatawanya fedha zao ipasavyo, soko halina sababu ya kumlipa mtu kwa hatari ambayo angeweza kuikwepa kwa kutawanya. Hulipa ile isiyokwepeka tu: kiasi hisa inachofuata mwenendo wa soko zima. Kipimo chake kikaitwa beta. Hisa yenye beta ya 1.5 hutarajiwa kushuka asilimia 15 soko likishuka 10, na kupanda kwa kiwango hicho soko likipanda. Mwenye nayo anastahili kutarajia faida kubwa zaidi, kwa kuwa anabeba mzigo ambao wengine hawautaki.

Mwaka mmoja na miaka 400

Nadharia ilikuwa safi. Shida ilianza pale watu walipotaka kuitumia, kwa sababu hesabu inadai namba, na namba hazina pa kutoka ila kwenye rekodi za nyuma.

Tuseme kuna hisa ambayo kwa kweli wastani wake wa faida ni asilimia 12 kwa mwaka, na inayumba kwa asilimia 20. Sisi hatuujui ukweli huo. Tuna rekodi ya miaka 25 tu, na kutoka humo tunakadiria. Kosa la kawaida la makadirio ya wastani hupatikana kwa kugawa 20 kwa kipeuo cha pili cha 25, nacho ni 5. Tunapata pointi 4. Maana yake ni kwamba makadirio yetu, bila uzembe wa mtu yeyote, yanaweza kuangukia popote kati ya asilimia 4 na 20, yaani kosa hilo mara mbili chini au juu ya 12. Hisa ya asilimia 4 hakuna anayeitaka. Ya asilimia 20 watu watapigania kuinunua. Na hapa ni hisa ileile moja.

Miaka 25 si michache kwetu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, kwa hiyo historia yake yote haijazidi sana robo karne. Ukitaka kosa lile lipungue kutoka pointi 4 hadi pointi 1, utahitaji rekodi ya miaka 400, mfululizo, ya kampuni ambayo tabia yake haikubadilika muda wote huo. Ungepaswa kuanza kuandika bei wakati Wareno wangali wanashikilia Ngome ya Yesu pale Mombasa.

Je, kuchukua bei za kila siku, au za kila dakika, hakusaidii? Robert Merton alilijibu swali hilo mwaka 1980. Kwa wastani wa faida, hakusaidii. Wastani huo unategemea bei ya kuanzia, bei ya kumalizia na urefu wa muda kati yake. Bei za katikati, hata zikiwa milioni, haziongezi habari. Kuyumba ni jambo jingine kabisa, maana kila siku ya biashara ni ushahidi mpya. Siku 250 za biashara, yaani mwaka mmoja, zinatosha kukadiria kuyumba kwa hisa yetu kwa kosa lisilofika pointi 1.

Kwa hisa moja, basi, mwaka mmoja unatosha kukueleza hatari yake kwa usahihi ambao kwa upande wa faida ungekuchukua karne nne. Mengi yaliyofuata katika fani hii yalitokana na tofauti hiyo.

Kompyuta inapokuza kosa

Fikiria benki mbili, A na B, zinazofanana sana: zinakopesha wateja wa aina moja katika nchi moja. Kila moja inayumba kwa asilimia 20, na uhusiano wake ni 0.9. Rekodi ya miaka 25 inaonyesha A imeleta wastani wa asilimia 12, B asilimia 11. Dhamana za Serikali za muda mfupi, tuseme, zinalipa asilimia 8. Una shilingi milioni 10. Ugaweje?

Mtu mwenye busara angeweka milioni 5 huku na milioni 5 kule, akaenda zake. Kanuni ya Markowitz ikipewa namba hizo inasema mengine: nunua hisa za A za shilingi milioni 18.6, na fedha zinazopungua uzipate kwa kukopa hisa za B za milioni 8.6 na kuziuza. Pointi 1 ya tofauti imeigeuza kanuni kuwa mcheza kamari. Hebu tupime uzito wa pointi hiyo. Kosa la kawaida la tofauti kati ya benki hizi mbili, kwa rekodi ya miaka 25, ni karibu pointi 1.8. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko kosa lake. Kesho ikitokea robo moja mbaya kwa A, namba zinaweza kupinduka, na kompyuta itakwambia ufanye kinyume cha ulichofanya leo, nawe utamlipa dalali mara mbili.

Kompyuta haikukosea hesabu. Iliamini kila namba iliyopewa, na katika kutafuta hisa yenye matarajio makubwa iliishia kuchagua ile ambayo makadirio yake yamezidishwa na bahati. Mwaka 1989 Richard Michaud aliandika kwamba mashine hizi za kutafuta mgawanyo bora zinafanya kazi ya kukuza makosa hadi ukomo wake.

Markowitz mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyogawa akiba yake ya uzeeni: nusu hisa, nusu hatifungani. Hakutumia kanuni yake. Alihofia majuto, hisa zikipanda akiwa nje au zikianguka akiwa ndani.

Mgawanyo sawa kwa sawa

Mwaka 2009 Victor DeMiguel, Lorenzo Garlappi na Raman Uppal walichapisha utafiti uliowasumbua wengi. Walichukua mbinu 14 za kitaalamu za kugawa mali, wakazipambanisha, katika makundi 7 ya takwimu halisi, na kanuni ambayo hata mtoto anaiweza: kama una hisa 10, weka sehemu 1 ya 10 katika kila moja. Kanuni hiyo ni ya kale mno, kwani Talmudi ya Wayahudi inamshauri mtu agawe mali yake mafungu matatu sawa: ardhi, bidhaa na fedha taslimu. Katika mbinu zote 14, hakuna iliyoushinda mgawanyo sawa kwa uhakika katika majaribio yote.

Watafiti hao wakaenda mbali zaidi. Kwa kutumia tabia za soko la Marekani, walikadiria kwamba mkoba wa hisa 25 ungehitaji rekodi ya karibu miezi 3,000 ili kanuni ya Markowitz iushinde mgawanyo sawa. Kwa hisa 50, miezi 6,000. Hiyo ni miaka 250 na miaka 500.

Mgawanyo sawa unashinda kwa sababu haukadirii chochote, na asiyekadiria hana kosa la makadirio. Wapo waliopinga. Mark Kritzman, Sébastien Page na David Turkington walijibu mwaka 2010 kwamba kanuni inaonewa: ilishwe makadirio ya akili badala ya wastani wa miaka michache, na itaonyesha thamani yake. Pande zote mbili, ukizisikiliza vizuri, zinakubaliana kuhusu mkosaji. Ni wastani wa faida uliochotwa kwenye rekodi fupi.

Dawa ya kosa hilo wanatakwimu walikuwa wameanza kuitafuta mapema zaidi. Mwaka 1956 Charles Stein alithibitisha jambo lililowashangaza wenzake, na mwaka 1961 akaliendeleza pamoja na Willard James: ukitaka kukadiria wastani wa vitu vitatu au zaidi kwa pamoja, utakosea kidogo zaidi kwa jumla ikiwa utavuta kila kadirio kuelekea namba moja ya pamoja. Mwaka 1986 Philippe Jorion aliipeleka mbinu hiyo kwenye hisa. Benki A iliyoonyesha asilimia 12 inavutwa chini, B ya asilimia 11 inavutwa juu, na ule ushauri wa kukopa hisa za milioni 8.6 unafifia.

Hata namba za hatari zinahitaji nidhamu hiyo hisa zinapokuwa nyingi. Mkoba wa hisa 100 una namba 5,050 za kukadiria ukijumlisha kuyumba kwa kila hisa na uhusiano wa kila jozi. Rekodi ya miezi 60 ya hisa hizo ina takwimu 6,000 tu, yaani karibu takwimu moja kwa kila namba inayotafutwa. Olivier Ledoit na Michael Wolf, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walionyesha namna ya kuvuta namba hizo nazo kuelekea umbo rahisi, na mbinu yao sasa ni ya kawaida kwa wasimamizi wa mifuko. Mwaka 2003 Ravi Jagannathan na Tongshu Ma waligundua kwamba kupiga marufuku mauzo ya hisa za kukopa ndani ya kanuni huleta nafuu ya namna hiyohiyo. Lile katazo ambalo mwekezaji mdogo analiona ni udhaifu wake kumbe linamkinga na makosa.

Wengine wameamua kuutupa kabisa wastani wa faida. Wanatafuta mkoba unaoyumba kidogo kuliko yote, bila kuuliza hisa ipi italipa zaidi. Mikoba ya aina hiyo imefanya vizuri kwa miongo mingi katika soko la Marekani. Ukiacha kukisia usichokijua, unabaki na kile takwimu zinachokijua.

Vigezo 316

Upande wa kupanga bei nako mambo yalichafuka. Mwaka 1992 Eugene Fama na Kenneth French walionyesha kwamba katika hisa za Marekani za tangu 1963 hadi 1990, beta peke yake haikueleza kwa nini baadhi ya hisa zililipa kuliko nyingine. Ukubwa wa kampuni, na uwiano wa thamani yake vitabuni na bei yake sokoni, vilieleza zaidi. Mwaka uliofuata wakatoa nadharia ya vigezo vitatu, na mlango ukafunguka. Kila msomi akaanza kutafuta kigezo chake.

Mwaka 2016 Campbell Harvey, Yan Liu na Heqing Zhu walihesabu vigezo 316 vilivyokuwa vimependekezwa katika machapisho ya kitaaluma. Wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: katika hivi vyote, vingapi ni bahati tu? Kwa kawaida watafiti hukubali matokeo yakiwa makubwa mara mbili ya kosa lake. Ukijaribu kigezo kimoja, kipimo hicho kinatosha. Ukijaribu vigezo 100 visivyo na maana yoyote, kama 5 vitakipita kwa bahati, na hivyo 5 ndivyo vitakavyochapishwa. Harvey na wenzake walipendekeza kizingiti kipandishwe hadi mara tatu, wakahitimisha kwamba madai mengi yaliyochapishwa huenda si ya kweli.

Mwaka huohuo David McLean na Jeffrey Pontiff walichunguza vigezo 97 na kuangalia nini kilivipata baada ya kujulikana. Faida ilipungua kwa asilimia 26 katika kipindi kilichofuata kile cha utafiti wenyewe, na kwa asilimia 58 baada ya makala kuchapishwa. Sehemu ilikuwa bahati tangu mwanzo. Nyingine ililiwa na wawekezaji waliosoma makala hizo wakakimbilia palepale.

Kama maprofesa wenye takwimu za nusu karne wanadanganywa na bahati kiasi hiki, yule anayekutumia kwa simu picha za ushindi wake wa wiki tatu ana ushahidi gani? Anayekuahidi asilimia 30 kwa mwezi anadai kwamba laki moja yako itakuwa milioni 2.3 baada ya mwaka mmoja, milioni 54 baada ya miaka miwili, na zaidi ya bilioni 1.2 baada ya mitatu. Mwenye siri ya namna hiyo hahitaji laki yako.

Bei zilizosinzia

Mbinu hizi zimezaliwa katika masoko ambayo hisa hubadilishana mikono kila sekunde. Katika masoko yetu zinahitaji tahadhari moja ya ziada. Zipo kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam ambazo siku hupita bila hisa hata moja kuuzwa. Bei inabaki ileile ya mauzo ya mwisho, na kompyuta inaandika kuwa siku hiyo hisa haikuyumba. Hesabu ikifanywa mwisho wa mwaka, hisa hiyo itaonekana tulivu, yenye beta ndogo na isiyofuata mwenendo wa nyingine. Utulivu huo ni wa kwenye karatasi tu. Siku ukitaka kuuza kwa haraka utagundua bei ya kweli, ikiwa mnunuzi yupo. Elroy Dimson alipendekeza mwaka 1979 njia ya kurekebisha upotovu huo kwa kupima hisa dhidi ya mwenendo wa soko wa siku zilizotangulia na zilizofuata, na si wa siku hiyo peke yake. Anayetumia namba za masoko yetu bila marekebisho ya aina hiyo anajidanganya.

Nairobi ina mtego wa aina nyingine. Tangu ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, Safaricom imekua hadi kubeba sehemu kubwa ya thamani ya soko zima, na kuna nyakati ilizidi nusu. Mwekezaji anayenunua kila hisa kwa uzito wake sokoni akidhani ametawanya, kwa kweli ameweka sehemu kubwa ya fedha zake kwa kampuni moja.

Nje ya soko la hisa kosa hilo limejaa tele. Mkulima wa Mtwara mwenye shamba la korosho, duka la pembejeo na bodaboda mbili atajiona ana njia tatu za kipato. Bei ya korosho ikianguka, shamba halilipi, wateja wa duka wanakopa, na abiria wanatembea kwa miguu. Wafanyakazi wa Enron huko Marekani waliijua adha hii mwaka 2001. Zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa katika mpango wa akiba ya uzeeni wa kampuni hiyo ilikuwa hisa za Enron yenyewe, na mwajiri alipofilisika, kazi na akiba viliondoka pamoja.

Dhoruba ya 1998

Hatari nayo, ingawa inapimika, haikai mahali pamoja. Mfuko wa Long-Term Capital Management, ulioanza mwaka 1994, ulikuwa na magwiji wawili ndani yake: Myron Scholes na Robert Merton, yuleyule wa makala ya 1980. Mwaka 1997 walipewa Nobel. Mfuko ulikuwa umepima kwa ustadi jinsi dau zake nyingi, katika nchi mbalimbali, zilivyokuwa hazihusiani, na kwa imani hiyo ukakopa zaidi ya dola 25 kwa kila dola 1 ya mtaji.

Tarehe 17 Agosti 1998 Urusi ilishusha thamani ya sarafu yake na kusitisha kulipa deni lake la ndani. Wawekezaji duniani kote wakakimbilia usalama kwa wakati mmoja, na dau ambazo miaka yote hazikuhusiana zikaanza kuanguka pamoja. Septemba hiyo, Benki Kuu ya Marekani tawi la New York iliwakutanisha wakopeshaji, na taasisi 14 zikatoa karibu dola bilioni 3.6 kuuokoa mfuko usiangushe wengine. Vipimo vyao vilikuwa sahihi kwa siku za kawaida. Siku isiyo ya kawaida ilipofika, hawakuwa na akiba ya kuvumilia mpaka ipite, kwa sababu walikuwa wanacheza na fedha za watu.

Yaliyo mikononi mwako

Mwekezaji mdogo hahitaji kompyuta ya mamilioni ili kunufaika na utafiti huu. Kwanza, tawanya, na katika kutawanya uliza ni tukio gani moja linaloweza kuviangusha vyote ulivyonavyo. Mshahara wako na shamba lako vihesabu humo. Pili, hisa au mfuko ulioongoza mwaka jana usikuhamishe na kukufanya uache mpango wako. Miaka mitatu ya ushindi haithibitishi chochote, na wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tatu, usiwekeze kwa fedha za mkopo.

Nne, angalia ada, maana hiyo ndiyo namba pekee unayoijua kabla hujaanza. Shilingi milioni 1 ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka hufika milioni 17.4 baada ya miaka 30. Msimamizi akichukua pointi 2 kila mwaka, utabaki na milioni 10 hivi. Zaidi ya sehemu 4 kati ya 10 za fedha zako zimekwenda kwake.

Na kabla ya kumpa mtu fedha zako, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama uko Tanzania, au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama uko Kenya. Kisha mwulize maswali mawili: fedha hizi zinaweza kupotea kwa njia zipi, na utanitoza kiasi gani? Akikwepa maswali hayo na kukimbilia kukutajia faida utakayopata, ondoka na fedha zako.